Kotisoni Iliyotoka Shambani kwa Mkonge

Jani la mkonge lina uzi kidogo sana. Likipita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua iliyonguruma mchana kutwa katika mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro, kinachokwenda kuanikwa ni kama sehemu nne katika kila mia ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani: uji wa kijani unaotiririka mferejini, unaochacha juani, unaonuka, na unaowasha ngozi ya anayeukanyaga pekupeku. Wakataji na watu wa korona waliujua mwasho huo vizuri kuliko mtu yeyote. Wenye mashamba waliujua uji huo kama kero, maana ukifika mtoni huua samaki. Kwa nusu karne hakuna aliyeuhesabu kuwa mali.

Mwaka 1951 wanakemia watatu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Uingereza, iliyokuwa Mill Hill, London, walichapisha taarifa fupi kuuhusu. R. K. Callow, J. W. Cornforth na P. C. Spensley walieleza kwamba majimaji ya mkonge wa Afrika Mashariki yana hekojenini, kemikali ya jamii ya steroidi, na kwamba inaweza kupatikana kwa kiasi cha kutosha kuendeshea kiwanda. Cornforth, Mwaustralia aliyepoteza usikivu wake wote akiwa bado kijana, alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1975 kwa kazi nyingine kabisa. Taarifa ya mkonge haikumpa jina. Hata hivyo ndiyo iliyoyaingiza mashamba ya Tanganyika na Kenya katika moja ya visa vikubwa vya tiba vya karne ya 20, kisa cha homoni inayoiamuru kinga ya mwili ipunguze makali.

Kisa chenyewe kilianzia mbali na mkonge, katika mji wa baridi kali wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Tarehe 1 Aprili 1929 Philip Hench, daktari wa maradhi ya viungo katika Mayo Clinic, alizungumza na mgonjwa wa miaka 65 ambaye naye alikuwa daktari. Mzee huyo alikuwa na baridi yabisi ya siku nyingi. Kisha akapatwa na ugonjwa wa manjano, macho na ngozi vikabadilika rangi, na maumivu ya viungo yakatoweka. Manjano ilipokwisha, nafuu ilidumu kwa muda.

Daktari mwingine angetikisa kichwa na kuendelea na zamu. Hench alianza kukusanya visa vya namna hiyo. Akagundua kwamba wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa wajawazito, na maumivu huwarudia miezi michache baada ya kujifungua. Manjano humpata mwanamume na mwanamke, mimba humpata mwanamke peke yake. Kwa hiyo, akawaza, lazima kuna kitu kimoja ambacho mwili hukitengeneza au hukizidisha katika hali zote mbili. Akakiita kitu X. Alijaribu kuwapa wagonjwa chumvi za nyongo, nyongo ya ng'ombe, hata damu ya watu wenye manjano. Hakuna kilichofanya kazi.

Katika Mayo Clinic hiyohiyo alikuwapo mwanakemia Edward Kendall, mtu ambaye siku ya Krismasi ya mwaka 1914 alikuwa ameipata thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, katika umbo safi. Miaka ya 1930 Kendall alihamia kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Umuhimu wa tezi hizo ulijulikana tangu mwaka 1855, Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, alipoeleza jinsi watu ambao tezi hizo zimeharibika wanavyodhoofika, ngozi zao kuwa nyeusi, na mwishowe kufa. Kendall aliagiza tezi za ng'ombe kutoka machinjioni kwa mamia ya kilo, akazisaga na kuzichuja, akatoka na kemikali kadhaa alizozipa herufi: A, B, E, F. Huko Uswisi, Tadeusz Reichstein alikuwa akifuata njia hiyohiyo na kuzipata zilezile kwa majina yake mwenyewe. Mwaka 1941 Hench na Kendall walikubaliana kwamba ikiwa siku moja kitapatikana kiasi cha kutosha cha kemikali E, itajaribiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi.

Kiasi cha kutosha hakikuwepo. Kilichosukuma kazi mbele ni vita, na tena uvumi wa vita: ilisemwa kwamba marubani wa Ujerumani wanadungwa dawa ya tezi hizo ili waweze kuruka juu sana. Uvumi haukuwa wa kweli, lakini serikali ya Marekani ilitoa fedha. Mwaka 1944 Lewis Sarett wa kampuni ya Merck aliitengeneza kemikali E kwa kuanzia na asidi ya nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini. Baada ya miaka mingine minne ndipo zikapatikana gramu chache za kumgawia Hench.

Tarehe 21 Septemba 1948 alidungwa mwanamke wa miaka 29 ambaye alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Alipewa miligramu 100 kwa siku. Baada ya siku chache tu aliinuka na kutembea, na kabla ya wiki mbili kwisha alikuwa amekwenda mjini kununua vitu madukani. Aprili 1949 Hench aliwaonyesha madaktari wenzake filamu ya wagonjwa wake: kabla ya dawa wanakokota miguu, baada yake wanapanda ngazi. Kemikali E ikapewa jina jipya, kotisoni, watu wasije wakaichanganya na vitamini E. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa Nobel ya tiba. Hench aliwagawia sehemu ya fedha zake masista waliowauguza wagonjwa wale, wakapata kwenda Roma kumwona Papa.

Hapa panafaa kusimama kidogo, kwa sababu kotisoni mara nyingi husimuliwa kama dawa ya maumivu tu. Baridi yabisi si uchakavu wa viungo. Ni kinga ya mwili iliyowageukia wenyeji wake, seli nyeupe za damu zikikivamia kiungo kana kwamba kina vijidudu. Hench hakuwa akilijua hilo kwa ukamilifu alipodunga sindano ya kwanza. Alichokuwa amekifanya, bila kupanga hivyo, ni kuthibitisha mbele ya kamera kwamba homoni inaweza kuizuia kinga.

Dalili zilikuwapo tangu zamani, ila hakuna aliyeweza kuzisoma. Mwaka 1898 Mwitalia Calzolari aliona kwamba sungura waliohasiwa kabla ya kupevuka wana thaimasi kubwa kuliko wenzao. Thaimasi ni ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Mwaka 1924 Jaffe, huko Marekani, aliwaondoa panya tezi za juu ya figo na kuona thaimasi zao zikikua upya. Mwaka 1936 Hans Selye wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliona kinyume chake: panya wakiteswa kwa baridi, sumu au kazi ya kupita kiasi, tezi za juu ya figo huvimba na thaimasi husinyaa. Homoni za uzazi na homoni za dhiki, zote zilikuwa zikiigusa tezi moja. Lakini thaimasi yenyewe ilidhaniwa kuwa kiungo kisicho na kazi ya maana, hadi mwaka 1961 Jacques Miller alipoonyesha, akiwa London, kwamba bila hiyo mnyama hana kinga ya kueleweka, kwa kuwa humo ndimo baadhi ya seli nyeupe hukomaa.

Turudi mwaka 1949. Dunia nzima ilitaka kotisoni, na kotisoni ilitoka kwenye nyongo. Kwa hesabu za wakati ule, dawa ya mgonjwa mmoja kwa siku moja ilihitaji nyongo ya ng'ombe wapatao 40. Gramu moja iliuzwa kwa dola 200. Hakuna machinjio duniani ambayo yangewatosha wagonjwa wa baridi yabisi wa nchi moja, achilia mbali wa mabara yote.

Ndipo macho yakageukia mimea, na moja kwa moja yakaja Afrika. Mbegu za mmea unaotambaa uitwao Strophanthus zilikuwa na steroidi iliyokaribiana na kotisoni, na wawindaji wa Afrika walikuwa wameutumia mmea huo kwa sumu ya mishale tangu zamani. Wazungu walikuwa wameufahamu kwa bahati tu. John Kirk, aliyekuja baadaye kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliwahi kuweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu hiyo alipokuwa katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi. Akapiga mswaki, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutoka hapo ilipatikana dawa ya moyo, strofanthini. Sasa, karibu miaka tisini baadaye, Wamarekani walituma watu Afrika Magharibi kutafuta Strophanthus sarmentosus kwa ajili ya kotisoni. Msisimko ulikuwa mkubwa, magazeti yaliandika sana, na biashara haikuzaliwa. Aina za mmea huo zilichanganya, na mbegu zake hazikuaminika.

Mexico walikuwa na viazi vikuu vya porini. Russell Marker, Mmarekani mkaidi aliyeacha kazi ya chuo kikuu, alikwisha kuonyesha kwamba diosjenini ya viazi hivyo inageuzwa kuwa homoni, na mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex mjini Mexico. Mwaka 1951 wanakemia wa Syntex waliitengeneza kotisoni kutokana nayo. Tatizo lilikuwa moja. Kila steroidi ina mifupa ya pete nne, na kotisoni inataka oksijeni kwenye nafasi ya 11 ya mifupa hiyo. Mimea karibu yote haiiweki hapo. Diosjenini ya viazi vya Mexico haikuwa na oksijeni yoyote katika pete yenye nafasi hiyo. Hekojenini ya mkonge inayo, ila imekaa nafasi ya 12, mlango wa pili. Kuisogeza nafasi moja ni kazi, lakini ni kazi ndogo kuliko kuipachika pasipo na kitu.

Kwa Uingereza kulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa fedha. Vita vilikuwa vimeimaliza hazina yake ya dola. Kotisoni ya Marekani ilinunuliwa kwa dola, viazi vya Mexico vilevile. Mkonge ulikuwa ndani ya himaya na ulilipiwa kwa pauni.

Mmea huo wenyewe ulikuwa mgeni. Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, kwa kuwa wakulima wa Mexico hawakutaka mali yao itoke. Ilipitia Hamburg, mingi ikafa njiani, na mwaka 1893 miche 62 tu ilishuka Tanga ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba yaliyomeza bonde lote la Pangani na kufuata reli. Hadi miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ndiyo inayoongoza duniani kwa katani. Watu waliofanya kazi hiyo, manamba, walitoka Ruanda na Urundi, Msumbiji, Kigoma, Njombe, wakaletwa kwa mikataba. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwatafuta, SILABU. Vita vya Korea viliipandisha bei ya katani mwaka 1951 kupita kiasi, na mwaka huohuo ndipo taarifa ya Callow na wenzake ilipotoka. Mashamba yalikuwa na fedha, na yalikuwa na maji machafu ya kumwaga kila saa.

Kuipata hekojenini hakukuhitaji maarifa ya ajabu shambani. Majimaji ya korona yalikusanywa na kuachwa yachachuke siku kadhaa, hadi tope likatuama chini. Tope hilo lilichemshwa na asidi, likachujwa, likakaushwa, likafungwa kwa safari ya Uingereza. Huko kampuni ya Glaxo iliisafisha na kuifanya kotisoni, na baadaye homoni kali zaidi zilizobuniwa maabara, mojawapo ikiwa betamethasoni, iliyoingia kwenye krimu za ngozi miaka ya 1960. Ni jambo la kushangaza kidogo: majimaji yaliyowatoa vipele wakataji wa Tanga yakawa mama wa dawa ya kutuliza vipele kote duniani. Katika historia nyingi za mkonge, sura hiyo huwa mstari mmoja au haipo kabisa. Husimuliwa kamba, magunia, bei na mgomo. Manamba hawakulipwa senti ya ziada kwa uji ule, wala hakuna dalili kwamba wengi wao waliambiwa ulikokuwa ukienda.

Madaktari, kwa upande wao, walikuwa wameanza kuona deni. Wagonjwa waliotembea kwa furaha mwaka 1949 walirudi wakiwa na nyuso za mviringo kama za watu aliowaeleza Harvey Cushing mwaka 1932, ambao miili yao hutengeneza homoni hiyo kupita kiasi. Mifupa ilidhoofika. Sukari ilipanda. Wengine walichanganyikiwa akili. Na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kwa miaka kiliamka. Hilo la mwisho ndilo lililofundisha zaidi, kwa sababu lilionyesha kwamba dawa haichagui: inaizuia kinga inayokosea pamoja na kinga inayolinda.

Kwa nini basi mwili ujitengenezee kitu cha namna hiyo? Mholanzi Marius Tausk alipendekeza jibu mapema, mwaka 1951: wazima moto wakija kuzima nyumba inayoungua, maji yao yanaweza kuharibu zaidi ya moto, na kazi ya homoni hiyo ni kuzuia uharibifu wa maji. Wengi hawakumsikia. Mwaka 1984 Allan Munck na wenzake, Marekani, walilirudisha wazo hilo kwa ushahidi. Miaka miwili mitatu baadaye Hugo Besedovsky na watafiti wengine wakaonyesha mzunguko wenyewe. Seli za kinga zinapopambana na vijidudu hutoa kemikali ya taarifa, intalukini 1. Taarifa inafika kwenye ubongo. Ubongo unaiamsha tezi iliyo chini yake. Tezi hiyo inaziamsha zile za juu ya figo. Na kotisoli, nduguye kotisoni anayefanya kazi hasa mwilini, inamwagika kwenye damu. Ndani ya seli nyeupe inashikana na kipokezi chake, inaingia kwenye kiini, na kufunga jeni zinazochochea uvimbe. Kinga yenyewe ndiyo inayoita kinachoizuia.

Homoni nyingine zina sauti katika mazungumzo hayo, japo hakuna iliyo na amri kama ya kotisoli. Estrojeni kwa jumla huichangamsha kinga, testosteroni huipoza. Ndiyo sehemu ya sababu lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, huwapata wanawake kama tisa kwa kila mwanamume mmoja. Wale wajawazito wa Hench nao wameeleweka zaidi. Kotisoli hupanda katika mimba, lakini kinga ya mama hubadilika kwa njia nyingine nyingi pia ili isimkatae mtoto. Kitu X hakikuwa kimoja.

Biashara ya hekojenini ilififia polepole. Mwaka 1952 Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walikuwa wamegundua kwamba kuvu wa jamii ya ukungu wa mkate huiweka oksijeni kwenye nafasi ya 11 kwa hatua moja, na bei ya kotisoni ikaporomoka. Glaxo waliendelea na mkonge kwa muda mrefu, lakini kuanzia miaka ya 1970 viwanda vingi vilihamia kwenye mafuta ya soya yanayochakatwa na vijidudu. Mkonge nao ulikuwa ukiumwa. Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo ya ule wa awali.

Dawa zenyewe zilibaki. Juni 2020 Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza matokeo ya jaribio la RECOVERY: deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa theluthi moja, na kwa wale waliohitaji oksijeni tu kwa sehemu moja ya tano. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Waliokuwa mahututi walikuwa wakiumizwa na kinga yao wenyewe kuliko na virusi, na dawa iliyobuniwa miaka ya 1950, inayopatikana kwa bei ndogo hadi hospitali za wilaya, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa kuokoa maisha.

Betamethasoni nayo ilipata njia ya kurudi Afrika Mashariki ambayo Glaxo hawakuipanga. Homoni hiyo hufifisha rangi ya ngozi, na kwa miaka mingi krimu zake zimechanganywa na haidrokwinoni na kuuzwa masokoni kama mkorogo. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, lakini vipo. Madaktari wa ngozi huwapokea wanaovitumia wakiwa na ngozi nyembamba kama karatasi, michirizi, na fangasi waliosambaa usoni bila kuwasha. Hawawashi kwa sababu mwasho ni kazi ya kinga, na pale kinga imezimwa. Mgonjwa huona nafuu, hupaka tena, na fangasi huendelea kula.